Mfumo wa kupanga chapa kama kitegemezi kinachosakinishwa chenyewe

Mkulima wa Kongwa anaponunua jembe, mara nyingi hununua chuma peke yake, kisha akatafuta mpini kando. Programu nyingi zinazoahidi kutoa hati za PDF ziko vivyo hivyo: zinajua kukusanya maneno, majedwali na michoro, lakini kazi ya kuvipanga ukurasani hufanywa na programu nyingine kabisa, ambayo huenda haimo katika kompyuta ya mtumiaji. Dhana inayofafanuliwa hapa ni uamuzi wa mtunzi wa programu kwamba chuma na mpini vije pamoja bila mnunuzi kuulizwa.

Mfumo wa kupanga chapa ni programu inayopokea maandishi yaliyotiwa alama na kuamua kila herufi ikae wapi: mstari ukatike wapi, neno refu ligawanywe vipi, jedwali lihamie ukurasa upi. Unaojulikana zaidi katika vyuo ni TeX, ambao jina lake hutamkwa "tek". Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alianza kuutunga mwaka 1977 baada ya kuona kurasa za majaribio za kitabu chake mwenyewe zikiwa na chapa mbaya. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport aliujengea juu yake LaTeX, ambao ndio watu wengi huandikia.

Kitegemezi, kwa upande wake, ni kifurushi cha programu ambacho kifurushi kingine kinakihitaji ili kifanye kazi. Neno kifurushi hapa halina uhusiano na bando la intaneti, ingawa, kama tutakavyoona, la kwanza hula la pili. Kila kifurushi hubeba orodha ya vitegemezi vyake, na programu inayosimamia usakinishaji huisoma orodha hiyo, ikapakua kila kilichotajwa, kisha ikasoma orodha za hivyo vilivyopakuliwa nazo, hadi mnyororo wote ukamilike.

Si kila utegemezi una uzito mmoja. Katika Debian, mfumo endeshi ambao Ubuntu imejengwa juu yake, mtunzi wa kifurushi anaweza kusema kwamba kinakitegemea kingine kwa lazima, au kinakipendekeza, au kinakidokeza tu. Tangu toleo la Debian la mwaka 2009, vilivyopendekezwa husakinishwa pia pasipo kuombwa, isipokuwa mtumiaji akikataa waziwazi, ilhali vilivyodokezwa havisakinishwi. Pandoc, programu maarufu ya kugeuza hati kutoka umbo moja kwenda jingine, iko katika daraja la mwisho: inaudokeza mfumo wa TeX bila kuulazimisha. Naona waliopanga hivyo walikuwa sahihi, kwa sababu watu wengi huitumia Pandoc kupata kurasa za wavuti au faili za Word, na PDF ni moja tu ya kazi zake.

Uzito wa jambo hili umo katika ukubwa. TeX Live, mkusanyiko mkuu wa TeX na vifaa vyake, ukisakinishwa wote huchukua zaidi ya GB 5. Mwanafunzi wa Dodoma anayeunganisha kompyuta yake kwa intaneti ya simu, huku bando lake likihesabiwa kwa MB, akisakinisha programu ndogo ya kuandikia maelezo na kukuta imeukokota mkusanyiko huo mzima, amelipishwa gharama ambayo hakuiona ikija. Mtunzi aliyeandika mstari mmoja katika orodha yake ya vitegemezi huenda alikuwa na intaneti isiyohesabiwa, na hakuhisi chochote. Lakini kutokusakinisha nako kuna gharama yake: mwanafunzi yuleyule, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti, anabonyeza kitufe cha kutoa PDF na kuambiwa kwamba programu asiyoijua jina haipatikani.

Mfano unaofundisha zaidi uko katika R, lugha ya kuandikia programu inayotumiwa sana na watu wa takwimu. Mtu akisakinisha rmarkdown, kifurushi cha kutengenezea ripoti ndani ya R, hupata papo hapo kifurushi kingine kiitwacho tinytex. Wengi hudhani kwamba kwa hatua hiyo TeX imeshafika. Haijafika. Kilichofika ni msaidizi mdogo anayejua kuileta. TinyTeX yenyewe, ambayo ni TeX Live iliyopunguzwa hadi chini ya nusu ya GB, husubiri mtumiaji atoe amri ya kuisakinisha. Ikishawekwa, humpunguzia mtumiaji kazi nyingi, kwani hati ikihitaji kipande kisichokuwapo, msaidizi hukipakua wakati huohuo wa kutengeneza ukurasa. Huu ni utaratibu wa busara kwa mtu mwenye mtandao. Kwa mwalimu wa sekondari huko Mpwapwa ambaye kompyuta ya shule yake hupokea programu kwa flashi, utegemezi uliocheleweshwa namna hiyo ni sawa na kitegemezi kisichokuwapo.

Ndiyo maana inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kutaja kitegemezi ni kuandika kwamba kitu fulani kipakuliwe kutoka ghala lake mtandaoni wakati wa kusakinisha. Kukifungasha ndani ni kuweka nakala yake katika kifurushi chako mwenyewe, ili anayekibeba kwenye flashi abebe vyote. Njia ya kwanza huokoa nafasi pale programu kadhaa zinapotumia nakala moja, na dosari za usalama zikirekebishwa ghalani, wote hunufaika. Njia ya pili hufanya kazi pasipo mtandao, lakini humwachia mtunzi jukumu la kusasisha nakala yake kila mara, na pia la kusoma leseni ya kila anachokibeba, zikiwemo leseni za fonti, yaani maumbo ya herufi.

Kwa miaka mingi njia zote mbili zilikuwa ngumu kwa wanaotunga programu kwa lugha ya Python, kwa sababu pip, chombo chao cha kusakinishia, hushughulikia vifurushi vya Python, ilhali TeX Live iko nje ya utaratibu huo. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2023, Typst ilipofunguliwa kwa umma. Huu ni mfumo mpya wa kupanga chapa, ulioandikwa kwa lugha ya Rust, ambao injini yake yote pamoja na fonti za msingi ni faili moja ya makumi machache ya MB. Sasa upo kama kifurushi cha kawaida cha Python, hivyo anayetunga programu ya kuandaa ripoti za wanafunzi anaweza kuutaja kama kitegemezi cha lazima kwa mstari mmoja, na pip huuleta pamoja na vingine. Kwa programu ambayo PDF ndiyo kazi yake kuu, naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani ripoti isiyoweza kuchapwa haijamfikia mzazi.

Sharti moja haliepukiki. Typst bado iko katika matoleo yanayoanza na sifuri, na amri zake zinaweza kubadilika kati ya toleo na toleo. Kwa hiyo mstari huo wa kitegemezi utaje namba kamili ya toleo, si jina peke yake. Vinginevyo kompyuta iliyosakinishwa Januari na iliyosakinishwa Juni zinaweza kuipanga ripoti ileile kwa kurasa tofauti, au mojawapo ikakataa kuitoa kabisa.