Mlio wa chura ni ushahidi: urekodi vizuri, mwenyewe mwache mtini

Masika yakianza tu, simu ya kitengo chetu haiachi kuita. Tangu tulipoomba wananchi watutumie milio ya vyura wa mitini, wakazi wa Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Pare na Usambara hadi Nguru na Udzungwa, wameitikia kwa moyo na tunawashukuru. Lakini sehemu kubwa ya tunachopokea hakitumiki, na malalamiko kwamba “mnapokea halafu mnakaa kimya” yameongezeka. Sababu ni hizi.

Anayelia ni dume, anayechagua ni jike. Jike akimfuata dume wa spishi nyingine, mayai yake huenda bure, kwa hiyo kila spishi hushika mlio wake. Ndiyo maana vyura wasiotofautika kwa macho hutenganishwa kwa sikio. Chukua kundi la Hyperolius nasutus, vyura wadogo wembamba wa kijani wanaokaa juu ya matete. Mwaka 2013 mtafiti wa vyura Alan Channing na wenzake walilinganisha milio, maumbile na vinasaba vyao, wakaeleza spishi mpya 6, mojawapo Hyperolius lupiroensis wa Lupiro, mkoani Morogoro.

Au jenasi (kundi la spishi za ukoo wa karibu) ya Callulina, vyura wenye ngozi ya vipele wanaopanda vichakani usiku. Kwa zaidi ya miaka 90 walihesabiwa kuwa spishi moja, Callulina kreffti. Mwaka 2004 wale wa Usambara Magharibi walitengwa, wakaitwa Callulina kisiwamsitu. Kufikia 2010 jenasi ilikuwa na spishi 9, zikiwemo za Pare, Nguru na milima ya Taita nchini Kenya.

Sasa, watu wengi huteleza hapa: wakisikia milio miwili inayofanana, wanatuandikia kwamba hao ni ndugu. Hapana. Chura mwenye mwili mkubwa hutoa sauti nzito, mdogo hutoa nyembamba, wawe ndugu wasiwe ndugu. Tunaposoma spektrogramu, yaani picha ya sauti kwa muda na masafa, tunatazama zaidi mpangilio wa mapigo, yaani vipande vifupi vya sauti vinavyounda mlio: ni mangapi ndani ya mlio mmoja, yamekaribianaje, yanaanza kwa ghafla au yanapanda polepole. Lakini hata kasi ya mapigo hayo huongezeka joto likipanda. Dume yuleyule akilia saa 2 usiku kwenye nyuzi 24, kisha alfajiri kwenye nyuzi 16, utaapa ni wawili. Bila kipimo cha joto hatuna cha kulinganisha. Tena spishi za ukoo wa karibu zinazolia kwenye bwawa moja zinaweza kuwa na milio iliyoachana sana, kwa kuwa zinalazimika kutochanganyana. Mlio unatupa swali, na undugu wenyewe unathibitishwa pale vinasaba na umbile vinapokubaliana nao. Na tafadhali, chura haleti mvua. Unyevu ndio unaomfanya alie.

Rekodi angalau dakika moja bila kuongea, kisha taja kwa sauti yako tarehe, saa, mahali, joto, na chura alikaa juu ya nini, kimo gani kutoka ardhini. Tuma kama faili, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu sauti hubanwa na mapigo madogo hupotea. Usiipitishe kwenye programu ya kuondoa kelele. Usimpigie chura rekodi ya mwenzake ili alie zaidi: dume anayemjibu mpinzani anaweza kubadilisha mlio, nasi tunahitaji ule wa kumwita jike.

Chura mwenyewe asiletwe. Tumeletewa vyura ndani ya chupa za maji, kwa nia njema kabisa. Lakini kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Sura ya 283, chura ni mnyama kama mnyama mwingine, na mnyama hai au mfu anaweza kuhesabiwa nyara. Kukutwa na nyara ya Serikali bila kibali ni kosa linaloweza kushughulikiwa kama uhujumu uchumi, na adhabu hufuata thamani ya nyara. Anayetaka kukusanya sampuli aanze TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), apate kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa hifadhi inazozisimamia, kama Amani, na ajitambulishe halmashauri na kijijini. Kibali kimoja hakifuti kingine, na ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji pekee haitoshi, hata kama mmefahamiana miaka mingi. Kusafirisha sampuli nje ya nchi ni hatua nyingine kabisa: jenasi nzima ya Nectophrynoides, vyura wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini.

Kuna pia wasiolia. Mwaka 2023 alitangazwa Hyperolius ukaguruensis wa Milima ya Ukaguru, wa kundi lenye vimiiba kooni ambalo madume wake hawana mlio wa kumwita jike. Watafiti walikuwa wamekwenda kumtafuta Churamiti maridadi, chura wa mtini aliyepewa jina hilo la Kiswahili mwaka 2002, wakakutana na huyu. Kinasa sauti kingekaa pale usiku kucha kisimpate. Kwa hiyo ukimwona chura mtini amenyamaza, mpige picha mgongoni, ubavuni na kooni bila kumshika, na kwenye nafasi ya mlio katika fomu unayotutumia andika “hakulia”. Usiiache wazi, kwa sababu nafasi iliyo wazi tunaisoma kuwa hukusikiliza.