Nyekundu, njano na kijani si bendera ya Jamaika

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: picha ya mwimbaji wa rege aliyejifunga skafu ya nyekundu, njano na kijani, na maneno kwamba hizo ndizo rangi za bendera ya Jamaika. Sizo.

Fungua atlasi yoyote yenye bendera za nchi. Ya Jamaika, inayotumika tangu uhuru wa 1962, ina mistari miwili ya dhahabu iliyokatizana kama herufi X, kijani juu na chini, nyeusi pembeni. Nyekundu haimo hata chembe. Sasa tazama ya Ethiopia: kijani, njano, nyekundu.

Rangi hizo zilifika kwenye rege kupitia Marasta. Imani yao ilichipuka Jamaika miaka ya 1930, baada ya mfalme mpya wa Ethiopia kutawazwa mwaka 1930, na kwao Ethiopia ni nchi takatifu. Rege yenyewe ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikakuta rangi zimeshapata maana. Waimbaji wakazitumia kwenye majalada ya santuri.

Kuchanganya si ajabu: muziki ni wa Jamaika kweli, na kijani na njano zimo kwenye bendera zote mbili. Hata wauza fulana huchanganya.

Ukiletewa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mwonyeshe aliyeutuma bendera mbili hizo.