Westport: mji uliohamishwa kupisha bustani

Mwaka juzi alinitembelea afisa ardhi mmoja kutoka Dodoma, mdogo wangu kikazi, nikampeleka Westport, mji mdogo wa Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Tulishuka stesheni mvua ya rasharasha ikinyesha, tukateremka hadi The Mall, yaani barabara inayofuata mto Carrowbeg pande zote mbili. Akasimama. Akatazama maji, akatazama mlango wa nyumba iliyo mbele yake, kisha akaanza kuhesabu hatua. Zilifika kumi na tano. "Kaka," akaniuliza, "mita sitini ziko wapi?"

Mlio kwenye fani ya mipango miji Tanzania mtamwelewa. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa mji mzima umeuegemea mto kama mtu aliyeegemea kaunta.

Carrowbeg si mto wa kutisha. Ungekuwa kwetu tungeuita kijito. Walichofanya watu wa karne ya 18 ni kuutia adabu: waliunyoosha, wakaujengea kuta za mawe pande mbili, wakapanda miti kando yake. Tazama kwa karibu utaona kitu ambacho wageni wengi hawakioni kwa sababu wako bize kupiga picha maua ya kwenye madaraja. Mto umekatwakatwa kwa mabanio mafupi ya mawe, maji yanashuka ngazi moja baada ya nyingine. Kila banio linayazuia kidogo, kwa hiyo hata mvua ikiadimika maji hujaa kutoka ukuta hadi ukuta. Bila mabanio hayo, siku za ukame ungeona tope, mawe na gurudumu la baiskeli la mtu.

Kutoka mtoni, barabara ya James inapanda kilima hadi uwanja wenye pembe nane, Octagon. Hapo unageukia barabara ya maduka, Shop Street, unafika kwenye mnara wa saa, kisha Bridge Street inakurudisha chini mtoni. Ni mzunguko. Mtembee polepole kama mzee, dakika kumi na tano mmerudi mlipoanzia, na katika mzunguko huo mmepita duka la dawa, benki, mkate, nyama, vitabu, kinyozi na baa zaidi ya mnazohitaji. Wakazi hawafiki 7,000. Nimefanya kazi katika miji yenye watu mara ishirini ya hao ambayo ukitaka kununua panadoli lazima upande bodaboda.

Sasa, hela ilitoka wapi? Swali hili huwa nalipenda kuliko la nani alichora ramani. Wachoraji wanaotajwa ni wawili, William Leeson na James Wyatt, na watu wa hapa wanaweza kubishana juu yao usiku kucha. Mwenye hela hana ubishi: ni ukoo wa Browne, mabwanyenye wa Westport House, jumba lililosimama nje kidogo ya mji. Sura yake ya mashariki ilisanifiwa na Richard Cassels miaka ya 1730, juu ya eneo la ngome ya zamani ya ukoo wa O'Malley. Huo ndio ukoo wa Grace O'Malley, au Granuaile, mwanamke aliyeitawala bahari hii kwa majahazi yake karne ya 16 na kwenda kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1593.

Kijiji cha kwanza kilikuwa pembeni kabisa ya jumba. Jina lake la Kiayalandi, Cathair na Mart, lina maana ya ngome ya mawe ya ng'ombe, na mpaka leo limeandikwa kwenye vibao vya barabarani juu ya lile la Kiingereza. Bwana mwenye nyumba alitaka bustani na mandhari, kijiji kikaondolewa na mji mpya ukachorwa mahali ulipo sasa. Kwa lugha ya ofisini kwetu: wananchi walihamishwa kupisha mradi. Mgeni wangu alicheka kidogo aliposikia, halafu akanyamaza. Yeye mwenyewe amewahi kusimamia zoezi kama hilo.

Na kuna senti za mbali zaidi. Ukoo wa Browne uliozesha mtoto wao katika familia ya Kelly iliyokuwa na mashamba Jamaika, yakilimwa na watumwa. Halafu mmoja wao, Howe Peter Browne, Markizi wa pili wa Sligo, akapelekwa Jamaika kuwa gavana mwaka 1834, wakati sheria ya kuukomesha utumwa inaanza kutumika. Alisukumana na wenye mashamba wenzake mpaka wakamchoka. Kijiji cha watumwa walioachwa huru, Sligoville kule Jamaika, kina jina lake. Sijui umweke kwenye kapu gani mtu wa namna hiyo, nami siku hizi nimeacha kujaribu.

Katikati ya Octagon kuna nguzo ndefu. Juu yake palikuwa na sanamu ya mwenye benki mmoja wa karne ya 19, George Glendenning; leo amesimama Mtakatifu Patrick. Alhamisi uwanja huu ni soko: jibini, mikate, samaki, miche ya maua.

Mtaniuliza kuhusu huduma, maana wengi mnaosoma blogu hii mna ndugu wauguzi Ayalandi na wanaulizia pa kuishi. Treni inakwenda Dublin moja kwa moja, safari ya muda wa saa tatu na ushee. Hospitali kubwa haipo. Iko Castlebar, mji wa jirani, kilomita zipatazo 18. Uwanja wa ndege uko Knock. Ajira si utalii peke yake: kiwanda cha dawa kilichofika hapa mwaka 1977 ndicho kinachotengeneza Botox, kwa hiyo makunyanzi mengi ya matajiri wa dunia hunyooshwa kutokea hapa penye upepo. Tatizo ni nyumba. Kiangazi wenye nyumba huona faida zaidi kwa mtalii wa siku tatu kuliko mpangaji wa miaka mitatu. Kwa Waislamu: panda treni hiyo hiyo ya Dublin, shuka Ballyhaunis. Kamji kadogo zaidi, lakini kana msikiti uliojengwa mwaka 1987, matunda ya biashara ya nyama ya halali.

Jioni usikose muziki. Bridge Street kuna baa ya Matt Molloy, mpiga filimbi wa kundi la The Chieftains. Msitegemee jukwaa. Wapigaji huketi kuizunguka meza, glasi katikati, na mgeni mwenye chombo chake anaweza kukaribishwa akijua adabu: sikiliza kwanza, ingia taratibu. Ngoma yao, bodhrán, ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja tu. Mkono mmoja unaingia kwa nyuma kuikaza au kuilegeza ngozi, mwingine unapiga kwa kijiti kifupi chenye vichwa viwili. Mgeni wangu aliiomba akaishika, akainusa. "Mbuzi ni mbuzi," akasema.

Kesho yake tukapanda Croagh Patrick. Ni mlima wa meta 764 tu, chini ya robo ya mlima Meru, ila unaanza karibu sawa na bahari na juu ni changarawe tupu ya mawe magumu inayoteleza chini ya mguu. Mapokeo yanasema Mtakatifu Patrick alifunga huko siku 40. Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji hupanda kwa maelfu, wengine miguu mitupu. Kanisa dogo la kileleni ni la 1905. Chini ya mlima, pale Murrisk, kuna mnara wa kitaifa wa njaa kuu, kazi ya John Behan ya 1997: meli ya shaba ambayo kamba zake ni sanamu za mifupa ya watu. Njaa hiyo ya miaka ya 1840 iliua zaidi ya watu milioni moja Ayalandi na kuwatoa wengine milioni moja na zaidi kwenda ng'ambo.

Ila mimi huwapeleka watu juu kwa sababu ya ghuba. Clew Bay imejaa visiwa. Wenyeji husema 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka, na wanajua fika kwamba wanatia chumvi. Hivyo ni vilima vilivyokandwa na barafu nzito iliyofunika nchi, mchanganyiko wa udongo na mawe uliopewa umbo la yai lililokatwa nusu. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuvizunguka. Wanajiolojia duniani kote wanaviita drumlini, neno lililotoka kwa Waayalandi wenyewe, maana yake mgongo mdogo. Kimoja, Dorinish, John Lennon alikinunua mwaka 1967.

Ukungu ulifunguka tukiwa kileleni. Mgeni wangu akanyoosha kidole kwenye vile vya nje kabisa: upande wa nchi kavu ni nyasi za kijani zinazoteremka vizuri, upande wa Atlantiki vimekatwa wima, udongo mwekundu nje, kama andazi lililong'atwa. Mawimbi yanavila. Akaniuliza kama kule pia kuna mtu ana hati.