Ua Lililonyauka Halitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Hisia Katika Picha za Vitu

Mwambie mwanafunzi apige picha ya huzuni kwa kutumia vitu vya nyumbani, utaletewa mzigo uleule: waridi lililonyauka, mshumaa uliozimika, saa iliyosimama. Kazi imeisha kabla kamera haijawashwa. Dhana iliyojificha hapo ni kwamba hisia imo ndani ya kitu, na mpiga picha anachotakiwa ni kusaka kitu chenye huzuni ya kutosha. Si kweli, na imeharibu picha nyingi kuliko lenzi mbovu.

Waridi kavu mtazamaji analisoma kama kibao cha barabarani: ameelewa, amepita. Kwenye picha yenye vitu viwili vitatu, hisia hutokana na mahali kitu kilipokaa, nafasi iliyoachwa kukizunguka, upande mwanga unakotokea na kivuli kinapoangukia. Mwaka 1928, mjini Paris, mpiga picha André Kertész alipiga picha ya uma ulioegemea ukingo wa sahani. Uma, sahani, vivuli, hamna kingine. Bado watu wanasimama kuitazama, na uma ule haukuwa na huzuni wala furaha.

Anayebisha ajaribu hivi. Chukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana, uviweke kwenye meza iliyo kando ya dirisha ili mwanga uvipige ubavuni. Zima taa zote, maana mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha utapata upande mmoja wa njano na mwingine wa bluu, na kurekebisha hapo ni mateso. Kamera ikae kwenye stendi, juu kidogo ya usawa wa midomo ya vikombe, isiguswe tena. Picha ya kwanza: mikono ya vikombe ielekeane, kati yake pabaki sentimita 2. Ya pili: vikombe palepale, ila mkono wa kimoja ugeuzie ukutani. Ya tatu: kisogeze hicho sentimita 30, hadi karibu na ukingo wa fremu. Ya nne: kirudishe, ukilaze ubavu. Vikombe ni vilevile na mwanga ni uleule, lakini katika picha ya kwanza vinaongea, ya pili vimenuniana, ya tatu kimoja kinaondoka, na ya nne kila mtazamaji atakuja na lake: ulevi, ugonjwa, msiba.

Zoezi hili hufa kwa makosa mawili. La kwanza ni kingo kugusana kidogo tu, yaani vikombe havijapishana wala havijaachana. Jicho litang'ang'ania hapo hapo. Ama kimoja kifunike theluthi ya mwenzake, ama pawe na mwanya unaoonekana. La pili, kwa anayepiga kwa simu, ni kuisogeza hadi sentimita 15 kutoka kwenye kikombe: cha mbele kinavimba, cha nyuma kinasinyaa, na uhusiano uliokuwa unautengeneza umeshavurugika. Rudi nyuma hadi karibu mita moja, utumie lenzi ya 2x, ile inayovuta mara mbili.

Zipo na dhana nyingine potofu. “Picha ya vitu vichache ni kitu kimoja katikati ya manila nyeupe.” Hiyo ni picha ya bidhaa ya duka la mtandaoni. Halafu manila yenyewe hutoka ya kijivu, kwa sababu mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hukisia kuwa kila kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, kwa hiyo pandisha mwangaza wa picha hadi +1. Mimi ningeitupa kabisa nikatumia karatasi ya kaki, mkeka, au ukuta wenye lipu iliyochakaa.

“Dirisha bora ni la kaskazini.” Kwa London au Paris, sawa, kwa kuwa kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, linaingia dirishani moja kwa moja. Desemba limehamia kusini. Angalia jua la siku hiyo, kitabu kiache. Likikuchoma, tundika shuka jeupe jepesi dirishani, na kivuli kitalainika. Na kama kivuli hakikolei hata ufanyeje, mchawi ni ukuta mweupe wa upande wa pili unaorudisha mwanga. Simamisha manila nyeusi sentimita 20 kutoka kwenye kitu, upande wa kivulini, uone. Manila hiyo moja ina faida kuliko flashi ambazo wapiga picha huuliziana bei kila wiki.

“Nyuma lazima pawe na ukungu.” Kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, ukiwa nusu mita, mdomo wa kikombe utakuwa mkali na mkono wake umeyeyuka. Weka f/8 (tundu dogo), ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga), shata ikae wazi hata 1/4 ya sekunde, na kamera ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2. Modi ya picha za watu kwenye simu, inayotia ukungu wa kubuni nyuma, izime: tundu la mkono wa kikombe huishinda, na bilauri huikata vibaya zaidi.

“Nyeusi na nyeupe huleta majonzi.” Huondoa rangi, basi. Kikombe chekundu mbele ya ukuta wa kijani wenye mwangaza sawa na wake kitageuka kijivu juu ya kijivu, na hapo hata kikombe chenyewe hakionekani.

“Kitu kiwe kipya na kisafi.” Vumbi na alama za vidole futa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kwa karibu huonekana kama uchafu wa lenzi. Bati lililobanduka rangi mdomoni liache, na kijiko kilicholika upande mmoja kitafute kwa makusudi, kwa maana ndipo mkono wa mtu ulipopita.

Kuhusu kuandika “Upweke” chini ya picha: ufunike mtu asiuone, mwonyeshe picha, muulize anaona nini. Akijibu “kikombe”, rudi mezani ukahamishe kikombe.