Kishikwambi kinapomwamulia mwalimu

Kazi yangu ni kuwanoa walimu wa shule za msingi, na swali linalorudi kila warsha ni hili: somo likishakuja limeandikwa neno kwa neno kwenye kishikwambi, mimi mwalimu nabaki na kazi gani?

Kenya tuna mfano ulio wazi. Bridge International Academies, mtandao wa shule za kibinafsi, ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009. Mwalimu husoma kwenye kifaa aseme nini, aandike nini ubaoni, kwa dakika ngapi. Na kifaa hichohicho huweka kumbukumbu ya alikofikia. Matokeo yake si ya kubeza. Utafiti wa 2022 alioshiriki Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya 2019, ulionyesha kuwa watoto wa shule hizo walijifunza zaidi ya wenzao, tena kwa tofauti kubwa. Mwalimu mgeni akishikwa mkono kwa somo lililopangwa vizuri, darasa zima hufaidika.

Sasa chukua 52 kutoa 27. Watoto wengi huandika 35 badala ya 25. Hawakubahatisha: wameona 2 haitoshi kutoa 7, wakageuza wakatoa 2 kwenye 7. Mwalimu anayepita kati ya madawati akaona 35 daftari baada ya daftari anajua papo hapo kwamba makumi na mamoja hayajaeleweka, na kwamba inabidi arudi kwenye vijiti vilivyofungwa kumikumi. Kishikwambi kinasema: zoezi la pili. Akisimama, kumbukumbu itaonyesha amechelewa. Akiendelea, watoto wamebaki nyuma.

Uhuru ninaoutetea ni huo wa kusimama hapo. Kuingia darasani bila maandalio sikutetei hata kidogo.

Katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioanza 2015 kwenye shule za umma za Kenya, kishikwambi alikishika afisa wa mtaala: aangalie somo, asikilize watoto wachache wakisoma, kisha akae na mwalimu wazungumze. Hapo teknolojia inafungua mazungumzo ya kitaaluma.

Kwa hiyo mkuu wa shule akiniomba ushauri wa programu ya kununua, namwambia amuulize muuzaji: mwalimu anaweza kusimamisha somo na kuandika sababu? Na sababu hiyo inamfikia aliyeliandika somo? Nyingi nilizoonyeshwa hazina hata kitufe cha kusimamisha.