Gari Kuchemsha Si Lazima Rejeta Iwe Imekufa

Gari likichemsha, wengi huambiwa hapo hapo: "Rejeta imekufa, nunua nyingine." Rejeta ndiyo kifaa kinachopoza maji ya injini. Nimeona watu wakilipia rejeta mpya, kisha gari likachemsha tena wiki hiyo hiyo. Inauma, kwa sababu mara nyingi ubovu ulikuwa kwenye kitu cha bei ndogo.

Anza na kifuniko cha rejeta. Kazi yake si kuziba tu. Hushikilia presha, kwa kawaida karibu baa 1, na presha hiyo hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Injini ikiwa imepoa kabisa, kifungue utazame mpira wake wa chini. Ukiwa umekakamaa au umepasuka, maji yatachemka mapema hata kama rejeta ni nzima. Kisha kagua mipira inayopitisha maji, feni, thamostati (vali inayofunguka kuruhusu maji yapite injini ikipata joto) na pampu ya maji.

Na rejeta yenyewe ikivuja? Inategemea imetengenezwa kwa nini. Zile za zamani za shaba huzibika vizuri kwa lehemu. Nyingi za siku hizi ni alumini katikati na matangi ya plastiki pembeni. Plastiki ikishapasuka, gundi haihimili joto na presha kwa muda mrefu, na hapo kununua mpya ndiyo nafuu. Unga wa kuziba matundu mimi siushauri kabisa, maana unaweza kuziba hata vijia vyembamba vya maji.

Mwambie fundi apime presha ya mfumo mzima wa kupoza injini kabla hujatoa hela.