Cheti cha ndoa si kibali cha kazi

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: eti mgeni akioa au kuolewa na Mkenya, cheti cha ndoa kinamtosha kuajiriwa. Sivyo. Ndoa humfungulia njia ya kuishi nchini kwa pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo peke yake haimruhusu kufanya kazi. Wengi huchanganya jambo hili na uraia. Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 15: haki ya uraia huja baada ya ndoa ya miaka 7, tena kwa kuomba. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, anayeuamini akafanya kazi bila kibali anaweza kufikishwa kizimbani, mwajiri wake pia. Kabla ya kusaini mkataba wowote, soma masharti ya pasi yako, kisha uulize ofisi ya uhamiaji.